Kabla hujaposti picha: ninavyozisafisha hapa kibandani Moshi

Mimi ni fundi simu na mpiga picha, kibanda changu kiko Moshi mjini karibu na soko la Mbuyuni. Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu ya ng'ombe.

Nilikuwa nauza mtamba. Mnunuzi akaomba picha safi, nami kwa kujifanya mjuzi nikamtumia WhatsApp kama dokumenti ili zisipoteze ubora. Bei haikuafikiana, nikasahau. Jumamosi asubuhi simu inaita: "Fundi, nipo getini kwako." Kwetu ni Uru, ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo, migomba imefunika njia, na shemeji yangu amekuja mara mbili na bado hupotea. Yule bwana sikumwelekeza hata kidogo. Alipokelewa kwa chai, mtamba akamchukua, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Kilichomleta ni picha yenyewe. Lokesheni ikiwa wazi, kamera ya simu huandika ndani ya faili longitudo na latitudo, yaani vipimo vya mahali ulipo kwenye ramani, pamoja na tarehe, saa na aina ya simu. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111, ila desimali ya nne tu inakushusha hadi mita 11 hivi. Hapo mtu hajui kijiji tu, anajua zizi. Mwaka 2012 jambo hili lilimkuta John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi. Alikuwa mafichoni, jarida la Vice likarusha picha yake iliyopigwa kwa simu, na vipimo vilivyobaki ndani yake vikaonyesha yuko Guatemala.

Hatua ya 1: Zima lokesheni ya kamera. Kwenye Android fungua kamera, ingia setingi zake, zima lebo ya mahali. Kwenye iPhone ingia setingi za simu, sehemu ya faragha, huduma za mahali, chagua kamera, kisha ikataze kabisa. Ramani na Bolt vitaendelea kufanya kazi kama kawaida, maana umeifungia kamera peke yake.

Hatua ya 2: Safisha za zamani. Hatua ya kwanza haigusi picha ulizokwisha kupiga. Kwenye kompyuta ya Windows bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, nenda kwenye maelezo, chini kabisa kuna kiungo cha kuondoa taarifa binafsi. Huna kompyuta? Fungua picha, ipige skrinshoti, tuma hiyo skrinshoti. Ubora utashuka kidogo, lakini kwa stetasi nani atajua?

Hatua ya 3: Chagua njia ya kutuma. WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida, lokesheni iliyofichwa huondolewa. Ukituma kama dokumenti, au kwa barua pepe, faili hufika na kila kitu chake. Facebook na Instagram huwaficha watazamaji taarifa hizo, lakini kampuni yenyewe imeshazipokea.

Hatua ya 4: Itazame kama mwizi. Hapa ndipo wateja wangu wengi huanguka, kwa sababu hakuna kitufe cha kubonyeza, ni macho tu. Usiangalie sura yako, angalia nyuma yako. Kibao cha anwani ya makazi kilichobandikwa ukutani wakati wa zoezi la mwaka 2022. Namba ya gari. Sweta la mtoto lenye nembo ya shule. Kitambulisho cha NIDA mezani: namba yake ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Pasi ya kupandia ndege, ile inayopigwa kwa mbwembwe pale KIA, msimbo wake umebeba jina na namba ya buking yako.

Hata mlima unasema. Kutoka Moshi, kilele cha Kibo kiko kushoto na cha Mawenzi kulia. Ukiona Mawenzi kushoto, mpigaji alisimama upande wa Kenya. Sikuambii uuzibe Kilimanjaro, dhambi hiyo siitaki.

Hatua ya 5: Ziba kwa rangi nzito. Kalamu ya kuangazia haifai, kwani mtu akiongeza mwangaza namba inarudi. Ukungu mwepesi nao haufai. Weka boksi jeusi, kisha piga skrinshoti ya kazi iliyokamilika na utume hiyo. Kukata pekee nako kumewahi kusaliti watu: mwaka 2023 ilibainika kwamba skrinshoti zilizokatwa kwenye simu za Google Pixel zingeweza kurudishiwa sehemu iliyokatwa.

Hatua ya 6: Chelewesha. Desemba Wachagga tunapanda nyumbani kuhesabiwa. Ukiposti nyama choma Kibosho leo, umewatangazia majirani wa Dar es Salaam kwamba nyumba haina mtu mpaka mwaka mpya. Posti ukisharudi. Nyama itaonekana tamu vilevile.

Hatua ya 7: Omba ruhusa. Picha ya ubarikio ina watoto wa watu kumi. Muulize mama yao kwanza. Na kwenye stetasi, ingia faragha uchague watakaoona, maana kitabu chako cha namba kina wateja, madalali na mtu uliyemuuzia redio mwaka juzi.

Hatua ya 8: Ikiwa imeshatoka. Mtu akiposti picha yako bila ridhaa, usianze na matusi. Piga skrinshoti inayoonyesha akaunti na tarehe, nakili kiungo, ndipo umwombe afute na uripoti kwa mtandao husika. Akigoma, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko. Nenda na zile skrinshoti, zikiwa zimehifadhiwa mahali pawili.