Jinsi ya Kuchagua Wakati wa Mwaka Unaofaa Kupanga Fleti

Kodi ya fleti moja inaweza kupanda au kushuka kwa sababu tu ya idadi ya watu wanaoitafuta wakati huo, ilhali fleti yenyewe haijabadilika hata kitasa. Katika kazi yangu ya kuwatafutia watu nyumba za kupanga, naona wateja wakichagua kwa makini mtaa, ghorofa na idadi ya vyumba, lakini tarehe ya kuhamia wakiiacha iamuliwe na dharura. Ushauri wangu ni kwamba tarehe nayo ichaguliwe, tena zichaguliwe tarehe mbili: ile ya kuingia na ile ambayo mkataba utaisha.

Hatua ya 1: Tambua misimu ya soko la mahali unapotaka kuishi

Katika nchi za kaskazini zenye majira ya baridi kali, watafutaji huongezeka kuanzia Mei hadi Septemba, kwa kuwa shule zimefungwa na hali ya hewa inaruhusu kuhama, kisha hupungua sana kati ya Desemba na Februari. Kusini mwa dunia kalenda hugeuka. Nchini Australia, kwa mfano, Januari na Februari ndiyo miezi ya pilika, wanafunzi na wafanyakazi wapya wanapowasili. Mahali pengine tarehe moja hutawala soko zima: katika jimbo la Quebec nchini Kanada, mikataba mingi huanza tarehe 1 Julai, na katika mji wa Boston nchini Marekani, wenye vyuo vikuu vingi, mingi huanza tarehe 1 Septemba. Pale ambapo hakuna baridi ya kuwafungia watu ndani, tazama tarehe za kufunguliwa kwa vyuo na shule, majira ya mvua kubwa, na msimu wa watalii kama wapo.

Usitegemee maelezo ya jumla peke yake. Chagua matangazo kama 10 ya fleti zinazofanana na unayoitaka, andika kodi na tarehe ya kila tangazo, kisha uyarudie kila wiki. Matangazo yakitoweka ndani ya siku chache, soko limechangamka na huna nguvu ya kujadili bei. Yakikaa wiki 4 au 5, hasa kodi ikianza kushushwa kidogo kidogo, wakati wako umefika. Jengo jipya linapofunguliwa huwa na msimu wake lenyewe, kwa kuwa fleti nyingi huwa tupu kwa wakati mmoja na mwenye jengo hutaka kuzijaza upesi, uwe mwezi wowote ule.

Hatua ya 2: Hesabu kwa kurudi nyuma

Soma mkataba wako wa sasa ujue notisi ni ya muda gani. Mara nyingi huwa mwezi 1 au miezi 2. Anza kuchunguza soko mwezi mmoja kabla ya siku ya kutoa notisi, ili uitoe ukiwa tayari unajua bei. Acha pia siku chache ambazo mikataba yote miwili, wa zamani na mpya, itakuwa hai: utalipa kodi mara mbili kwa siku hizo, lakini hutalazimika kukubali fleti mbovu kwa kuogopa kulala nje.

Hatua ya 3: Amua kama unatafuta nafuu au uchaguzi mpana

Msimu mtulivu una fleti chache sokoni, na baadhi yake zimebaki kwa sababu zina kasoro. Mwenye familia kubwa, au anayehitaji ghorofa ya chini kwa sababu ya mwili wake, atafanya vyema kutafuta msimu wa pilika ukiwa ndio unaanza, maana fleti anayoihitaji ni adimu na huenda isionekane kabisa wakati mwingine. Anayetaka chumba kimoja cha kulala cha kawaida anaweza kusubiri bila wasiwasi.

Hatua ya 4: Kagua ukizingatia majira

Siku ya mvua ni siku nzuri kuliko zote za kwenda kuona fleti. Tazama dari karibu na kuta za nje, chunguza chini ya kingo za madirisha, na ufungue makabati yaliyoegemea ukuta wa nje, unuse kama yana unyevu. Kiraka kimoja cha rangi mpya kwenye dari iliyofifia huwa kimefunika kitu, kwa hiyo uliza ni kitu gani. Wakati wa kiangazi, nenda asubuhi wakazi wanapojiandaa kwenda kazini, ufungulie bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja uone kama maji yanaendelea kutoka kwa nguvu. Wakati wa baridi, omba mfumo wa kupasha joto uwashwe ukiwa palepale. Kasoro ambayo majira hayakuruhusu kuiona, iulizie kwa maandishi.

Hatua ya 5: Jadili kodi kwa hesabu

Fleti ikikaa tupu mwezi mmoja, mwenye nyumba hupoteza zaidi ya asilimia 8 ya kodi ya mwaka mzima. Punguzo la asilimia 5 kwa miezi 12 humgharimu sawa na kodi ya siku 18 tu. Kwa hiyo, kama fleti imeshakaa wiki 3 bila mtu na msimu bado ni mtulivu, ombi lako la punguzo hilo ni nafuu kwake pia, na unaweza kumweleza hivyo kwa heshima. Wengi watapendelea kukupa mwezi mmoja bure badala ya kushusha kodi, kwa kuwa kodi iliyoandikwa hubaki juu na ndiyo itakayotumika mkataba ukihuishwa. Ukikusudia kukaa miaka kadhaa, omba kodi yenyewe ishuke. Ukiwa na hakika ya kuondoka baada ya mwaka, mwezi wa bure unaweza kukufaa zaidi.

Hatua ya 6: Chagua tarehe ya mwisho wa mkataba

Hapa ndipo wapangaji wengi hupoteza nafuu waliyoipata. Mwenye nyumba anayekupangisha Januari, mahali ambapo pilika huanza Mei, anaweza kupendekeza mkataba wa miezi 5 au 17, ili uishe Juni inapokaribia na fleti ipate mtu mara moja kwa kodi ya juu. Hiyo ni haki yake, lakini usikubali bure: omba kodi ipungue zaidi, au kipengele kinachokuruhusu kuhuisha mkataba kwa kodi iliyotajwa. Ukilazimika kuhamia katikati ya pilika, omba wewe urefu usio wa kawaida; mkataba wa miezi 18 unaoanza Julai utaisha Desemba, na kodi itakuwa imefungwa kwa nusu mwaka zaidi. Kabla ya kusaini mkataba mrefu hivyo, hakikisha mkataba wenyewe unaeleza gharama ya kuuvunja mapema. Katika miji ya watalii, soma tarehe ya mwisho mara mbili, kwa sababu mikataba mingine ya msimu mtulivu huandikwa ili mpangaji atoke wageni wanapoanza kuwasili.

Hatua ya 7: Panga siku ya kuhama

Magari na wabebaji huhitajika zaidi mwisho wa mwezi na wikendi, kwa hiyo siku ya kazi katikati ya mwezi huwa na nafuu. Piga picha za kila chumba kabla ya mzigo kuingia, uzihifadhi pamoja na risiti ya amana, na uweke kumbusho kwenye simu yako miezi 3 kabla ya mkataba kuisha, ili urudie hatua ya 1 kabla ya siku ya notisi kufika.