Mwenzako Amehama Mkataba Haujaisha: Namna ya Kumdai Kodi Iliyobaki

Anayehama huacha madeni mawili: lenu nyote kwa mwenye nyumba, na lake kwako wewe uliyebaki. Anza na la mwenye nyumba, maana hilo ndilo linaloweza kukutoa nje.

Hatua ya 1: Soma mkataba, hasa penye sahihi. Mkiwa mmesaini mkataba mmoja, kwa kawaida kila mmoja wenu anaweza kudaiwa kodi nzima. Mlivyogawana vyumba hakumfungi mwenye nyumba. Kila mtu akiwa na mkataba wa chumba chake, kodi ya mwenzako haikuhusu. Jina likiwa lako peke yako na yeye alikuwa anakuchangia tu, mdaiwa ni wewe; madai yako kwake yatategemea makubaliano yenu, hata yale ya ujumbe wa simu. Yakusanye mapema, kabla simu haijapotea.

Hatua ya 2: Lipa kodi nzima kwa wakati ukiweza. Ukilipa nusu kwa hoja kwamba "yangu nimeshatoa", kwenye mkataba wa pamoja hiyo ni kodi pungufu, na notisi ya kuhama inaweza kuja kwako pia. Huna zote? Mwandikie mwenye nyumba kabla ya siku ya kodi: unalipa kiasi gani sasa, na salio lini.

Hatua ya 3: Siku ya kuondoka. Pigeni picha mita za umeme na maji, pigeni picha chumba kikiwa kitupu, hesabuni funguo, yaandikeni kwenye karatasi, kisha nyote mtie sahihi na tarehe.

Hatua ya 4: Tafuta mpangaji mbadala. Tangaza mara moja na utunze matangazo yote. Sehemu nyingi sheria humtaka mdai apunguze hasara. Ukikiacha chumba kitupu makusudi, kiasi unachomdai mwenzako kinaweza kupunguzwa. Mbadala hahamii mpaka mwenye nyumba aridhie kwa maandishi. Na hapa ndipo wengi huumia: usisaini karatasi ya kumtoa mwenzako kwenye mkataba kabla mbadala hajasaini ya kuingia. Ukitangulia, kodi yote imebaki mabegani mwako.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya hasara halisi. Tuseme kodi ni 900 kwa mwezi, fungu lake 450, na imebaki miezi 4. Chumba kimekaa kitupu mwezi 1 na siku 10: 450, ongeza 15 (450 gawanya kwa siku 30) mara 10, inakuwa 600. Mbadala analipa 390, pengo la 60 kwa mwezi; kwa miezi 2 na siku 20 zilizobaki ni 160. Unadai 760. Ukiandika 1,800 kwa kuwa "miezi 4 ni yake", unadai kodi ambayo tayari umelipwa na mtu mwingine, na hata sehemu iliyo haki yako itatiliwa shaka.

Hatua ya 6: Barua ya madai. Weka hesabu, nakala za risiti, njia ya kulipa na tarehe ya mwisho. Siku 14 zinatosha. Akinyamaza, fungua shauri la madai madogo.

Maswali ya wanachama

*Naweza kuchukua amana yake nifidie kodi?*
Amana kwa kawaida hubaki kwa mwenye nyumba mpaka nyumba nzima irudishwe, kwa hiyo huna cha kuchukua. Mbadala akitaka kumrudishia aliyehama fungu lake, mkague chumba kwanza. La sivyo atarithi uharibifu wa mwenzake.

*Kaacha kitanda na kabati. Nauza?*
Usiuze, wala usitupe. Mwandikie aje avichukue, mpe tarehe, orodhesha vitu na upige picha. Ukiuza kabla ya kujua sheria ya kwenu inasemaje, anaweza kukugeuzia kibao akudai thamani yake. Kitasa nacho usibadilishe kama jina lake bado liko kwenye mkataba.

*Alihama kwa sababu alikuwa anapigwa humo ndani. Bado anadaiwa?*
Baadhi ya nchi humruhusu mtu aliyefanyiwa ukatili kuvunja mkataba mapema kwa notisi na uthibitisho. Usimpelekee barua ya madai kabla hujauliza msaada wa kisheria. Na mahali alipohamia usimtajie mtu yeyote, hata mwenye nyumba.