Kununua sona ya bei nafuu kwa kayaki ya baharini

Ami yangu alivua Kilifi kwa mtumbwi maisha yake yote, na bildi yake ilikuwa kipande cha risasi kwenye uzi wenye mafundo, fundo moja kila pima. Chini ya ile risasi alipaka sabuni. Ikipanda na mchanga, anaendelea kupiga kasia. Ikipanda na mkwaruzo na vipande vya matumbawe, anatazama pwani, anapanga mnazi fulani na paa fulani kichwani mwake, ndipo anashusha mshipi. Alitafuta mambo matatu: kina, aina ya chini, na alama ya kumrudisha pale pale.

Nimevua kwa kayaki nje ya mwamba kwa misimu kadhaa sasa, na bado sona, kifaa kinachotuma sauti majini na kuonyesha kina na chini kwenye skrini, naipima kwa mambo hayo matatu. Picha za samaki kwenye skrini ni nyongeza. Mwenye fedha kidogo akizifuata picha atanunua kifaa kisichofaa, kama nilivyofanya mimi.

Sona yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba, skrini ya inchi 7, na muuzaji alinionyesha picha safi ajabu, mti uliozama unaonekana matawi yake. Ndani ya hori la Kilifi ilinifurahisha. Nilipotoka mlangoni na kupita mita 30 hivi za kina, picha ikaanza kufifia, kisha ikabaki ukungu mtupu. Haikuwa mbovu. Ilitegemea masafa (idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde) ya 455 na 800 kHz, yaani kwa maelfu, na maji ya chumvi huinyonya sauti ya masafa ya juu kuliko maji matamu yanavyofanya, hasa kwa sababu ya magnesiamu salfeti iliyomo baharini. Kadiri masafa yanavyopanda, ndivyo sauti inavyokufa mapema.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe la masafa, ukubwa wa skrini utafuata. Tafuta sona ya aina ya CHIRP, yaani inayopaza mfululizo wa masafa badala ya mlio mmoja, yenye 200 kHz pamoja na 77 au 83 kHz. Ile ya 200 mwavuli wake wa sauti, yaani jinsi sauti inavyotanuka ikishuka, ni mwembamba. Ukiwa na upana wa nyuzi 20, kwenye kina cha mita 20 unaona duara la chini lenye upana wa mita 7 hivi, na hapo mwamba unatofautika vizuri na mchanga. Mwavuli wa nyuzi 60 kwenye kina hicho hicho unafunika mita 23, lakini unachanganya mambo: kilele cha jiwe kinaonyeshwa na shimo la pembeni yake linafichika, na tewa anapenda kukaa shimoni. Mimi natumia 200 hadi mita 40 hivi, na ile ya masafa ya chini nikizidi hapo.

Usidanganywe na kina kilichoandikwa kwenye boksi, mara nyingi ni cha maji matamu. Garmin Striker 4, ambayo ndiyo ninayoitumia sasa, inatajwa kufika futi 1,600 kwenye maji matamu na 1,100 kwenye chumvi. Skrini yake ni inchi 3.5 tu. Haina ramani ya bahari, lakini ina GPS inayohifadhi alama, na hiyo ndiyo minazi ya ami yangu. Zipo sona zinazofanana nayo kwa umbo na bei ambazo hazina GPS kabisa. Ziache hata zikiwa na skrini kubwa zaidi. Nje ya mwamba mkondo unakusogeza huku unafunga chambo, na jiwe ulilolipita dakika tano zilizopita hutaliona tena.

Vile vipira vya kurusha majini vinavyopeleka picha kwenye simu ni vizuri kwa anayevua akiwa ufukweni au gatini. Kwenye kayaki utakuwa na mikono yenye chumvi, simu iliyopata moto juani, na kipira kinachoburutwa nyuma. Sivipendekezi.

Ukinunua mtumba, fungua plagi utazame pini. Rangi ya kijani kwenye pini maana yake chumvi imeshaingia. Pitisha vidoleni waya wote wa transdyusa, kile kipande kinachotoa na kupokea sauti, kwa sababu waya huo haukatwi na kuungwa ovyo ukabaki mzima. Kisha washa, weka transdyusa karibu na sikio: utasikia ti-ti-ti-ti ndogo kama saa ya mkononi. Kimya kabisa, rudisha. Mwisho toka nayo nje saa sita mchana, ukiwa umevaa miwani yako ya jua. Kuna skrini ambazo ukizitazama kwa miwani ya polaroidi zinakuwa nyeusi, hadi ugeuze kichwa.

Betri haihitaji gharama kubwa. Sona ndogo hula kama robo ampea kwenye volti 12. Betri ya risasi ya 12V 7Ah, ile ya kengele za ulinzi inayopatikana kila mji, ukiitumia nusu tu inatosha safari ya siku nzima. Uzito wake ni kilo mbili na zaidi. Ya lithiamu ni nyepesi na hudumu, ila bei iko juu, nunua baadaye. Weka fyuzi karibu na betri, na betri uitie kwenye boksi lisiloingia maji. Pawabenki ya kawaida ya simu haitaiendesha, inatoa volti 5.

Kufunga transdyusa ndiko nilikokawia kujifunza. Mkono wa pembeni ni rahisi, lakini hunasa mshipi na hugonga unapotua kwenye mawimbi. Kayaki ya plastiki inapitisha sauti, hivyo mimi niliiweka ndani. Nilikata soli nene ya malapa ikawa pete, nikaigandisha sakafuni kwa silikoni, nikaipaka mafuta mazito ya mgando katikati na kuiketisha transdyusa bila kuacha kiputo hata kimoja cha hewa. Hewa ndiyo adui, sauti haivuki. Kabla ya kugandisha, linganisha: shusha transdyusa ubavuni usome kina, kisha iweke ndani juu ya mfuko wa plastiki wenye maji usome tena hapo hapo. Namba zikikaribiana, mahali panafaa. Joto la maji hutalipata sawasawa, na mimi silihitaji sana.

Ukiwasha mara ya kwanza, badilisha aina ya maji iwe ya chumvi. Sauti kwenye bahari yetu yenye joto husafiri karibu mita 1,540 kwa sekunde, kwenye maji matamu ni chini ya hapo, na kosa hilo kwenye mita 30 linafika kama mita nzima. Zima pia vile vikatuni vya samaki. Povu, majani, vyote vinachorwa samaki. Soma mstari wa chini: mchanga mlaini na tope hutoa mstari mwembamba, mwamba hutoa mnene, na mara nyingi mstari wa pili hafifu hutokea kwenye kina mara mbili, mwangwi uliorudi tena. Wingu la dagaa juu ya mwamba wa namna hiyo, shusha mshipi bila kungoja, kolekole hawako mbali.

Ukiweka alama, andika na saa ya maji. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, jiwe lililosoma 18 maji yamejaa litasoma 14 yakipwa, nawe utadhani umepotea.

Nikirudi, naosha kila kitu kwa maji ya kisima, napangusa pini na kuzipaka mafuta ya mgando kidogo sana. Kusi likichafuka naitoa betri kwenye kayaki na kuichaji kila mwezi, maana betri ya risasi ikilala tupu haiamki.