SOMO: Kuzunguka ugenini kwa simu, hata bando likiwa halipo

Wakuu, swali la "nikitua kule bila intaneti, ramani itafanya kazi?" nimelijibu mara nyingi mno. Naliweka lote hapa, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa hapa.

Kwanza elewa hili: GPS haili bando. Simu inapokea tu mawimbi ya setilaiti, haitumi chochote. Kinachohitaji intaneti ni ramani yenyewe na kutafutiwa njia. Ndiyo maana mtu anatoka uwanja wa ndege, anaona doti ya buluu imekaa pale pale aliposimama, lakini kuizunguka ni kijivu kitupu, hakuna barabara wala jina la mtaa. Simu inajua ulipo, ila haina ramani ya kukuonyesha. Kwa hiyo kazi yote ifanyike nyumbani, ukiwa na Wi-Fi na laini yako ikiwa inapokea SMS.

1. Sasisha programu zako, na uache nafasi ya GB 2 au 3.

2. Jisajili kwenye programu ya teksi ya huko uendako kabla hujaondoka, maana itatuma namba ya uthibitisho kwa SMS. Kusini-mashariki mwa Asia ni Grab (Uber iliwauzia biashara yake ya huko mwaka 2018), Uchina ni DiDi, Ulaya nchi nyingi zina Uber au Bolt.

3. Pakua ramani. Hapa ndipo wengi huharibu, nami nimo, kwa hiyo soma taratibu. Fungua Google Maps, gusa picha yako juu kulia, ingia kwenye ramani za nje ya mtandao, kisha chagua eneo mwenyewe. Fremu ifunike mji wote pamoja na uwanja wa ndege. Viwanja vingi viko mbali na mji, na fremu ikiwa finyu utakosa barabara ile ya kwanza kabisa unayoihitaji. Ikishapakuliwa usiiamini bado: washa hali ya ndege, hakikisha Wi-Fi imezimika, halafu tafuta hoteli yako kwa jina. Isipotokea, rudia.

ONYO: bila intaneti Google Maps inakupa njia ya gari tu. Ya miguu, ya baiskeli na ya treni hazipo. Ukiifuata njia ya gari kwa miguu utazungushwa sababu ya barabara za upande mmoja, au utajikuta kando ya barabara kuu isiyo na pa kukanyaga. Dawa yake ni kuweka na programu ya Organic Maps. Inatumia data za OpenStreetMap (ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea), unapakua eneo zima, na njia za miguu inakuchorea bila intaneti.

ONYO la pili: ramani uliyopakua Google Maps ina tarehe ya kuisha. Iangalie siku chache kabla ya safari na uisasishe.

4. Kama unatumia eSIM (laini ya kidijitali inayowekwa ndani ya simu bila kadi), piga *#06#. Ukiona namba ya EID, simu kwa kawaida inaikubali, ila isiwe imefungwa na kampuni ya simu. Soma pia siku zinaanza kuhesabiwa lini: kuna zinazoanza ukiweka tu, na kuna zinazoanza ikishika mtandao. Ukifika, data iwe kwenye eSIM na romingi (laini kutumia mtandao wa kampuni nyingine) ya eSIM iwashwe. Romingi ya laini ya nyumbani izimwe. Usiifute eSIM ikigoma! Msimbo wa QR mara nyingi hukubali mara moja tu. Zima simu, washa, subiri.

5. Anwani ya hoteli kwa maandishi ya wenyeji, ipige picha ya skrini.

MASWALI

Swali: Nimeshafika, ramani ni kijivu. Nifanyeje?
Jibu: Hatua ya 3. Tafuta Wi-Fi.

Swali: Mlolongo wa nini wote huu? Si unawasha romingi ya laini yako basi.
Jibu: Ulizia kwanza bei ya MB moja. Ukiiwasha, simu haiisubiri ramani. Inapakia picha na kusasisha programu wewe ukiwa hujui.

Swali: Samahani mkuu, kwa nini doti iko sahihi lakini mshale unaelekea nyuma?
Jibu: Swali zuri sana dada. Doti inatoka setilaiti, mshale unatoka dira ya ndani ya simu, na dira huyumbishwa na chuma na sumaku. Kava lenye sumaku livue. Zungusha simu hewani kama unaandika namba 8. Ukitoka stesheni ya chini ya ardhi usiuamini mshale: tembea hatua ishirini, uone doti imesogea upande gani.

Swali: Na Uchina?
Jibu: Huduma za Google zimefungwa huko. Wenyeji hutumia programu za ramani za Amap au Baidu. Tena ramani za kule huchorwa kwa mfumo wao uliosogezwa makusudi, ndiyo maana kwenye programu nyingine doti hukaa mita mia kadhaa kando ya ulipo.

Swali: Nikienda London naweza kulipia treni kwa simu?
Jibu: Ndiyo. Ila ukigonga simu kwenye mashine ya getini kuingia, gonga simu ile ile kutoka, siyo kadi ya plastiki, hata kama akaunti ni moja. Mfumo unahesabu safari mbili zisizokamilika, na kila moja hutozwa nauli ya juu.

Swali: Na chaji ikiisha njiani?
Jibu: Huenda usiweze kugonga kutoka, kwa hiyo beba pawabenki. Kwenye ndege ikae mkoba wa mkononi, isiingie kwenye begi la chini, na isizidi Wh 100 (kipimo cha nishati ya betri). Chukua mAh zilizoandikwa kwenye pawabenki, zidisha kwa 3.7, gawa kwa 1,000. Ya mAh 20,000 ni Wh 74, inapita.