Ukidaiwa deni la zamani, au usilolijua, msimu wa korosho

Minada ya korosho ikianza Oktoba na hela zikaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, simu za madai nazo huanza. Nina duka hapa Tandahimba, mkoani Mtwara, Tanzania, nauza mchele, sabuni na pembejeo, na wateja wangu wengi huchukua kwa mkopo wakisubiri mauzo. Kwa hiyo mimi mwenyewe ni mdai, na deni la kweli nataka lilipwe. Ndiyo maana inaniuma kuona mzee au mjane akitoa hela kwa deni ambalo hakukopa, au alilokwisha kulimaliza, kwa sababu tu aliyekuja kudai alikuwa na pikipiki, faili na sauti kubwa.

Kubwa kuliko yote ni hili: siku ya kwanza usikiri, usisaini, wala usitoe hata shilingi. Wakusanya madeni hupenda kusema, "Basi toa hata elfu ishirini, uonyeshe nia." Hiyo elfu ishirini ndiyo ndoano. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa mdai miaka 6 ya kufungua kesi ya deni la mkataba, tangu haki yake ya kudai ilipoanza, na kwa kawaida hiyo ni siku malipo yaliposhindikana. Lakini ukilikiri deni kwa maandishi yenye saini yako, au ukilipa sehemu yake, hesabu ya miaka inaweza kuanza upya kuanzia siku hiyo. Deni lililokuwa limekwisha nguvu mahakamani unaweza kulifufua kwa mkono wako mwenyewe, tena kwa kutaka kuonekana muungwana.

Piga hesabu. Deni lililopaswa kulipwa msimu wa 2018, ule ambao serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, limeshapita miaka 6. Kama hujalipa kitu wala kusaini chochote tangu hapo, akikushitaki waambie mahakama muda umepita. Mahakama inatakiwa kuitupa kesi iliyopitwa na muda hata kama mdaiwa hakulitaja jambo hilo, ila wewe litaje. Angalizo: kama kuna hukumu iliyokwisha kutolewa, au uliweka rehani nyumba au shamba, hesabu ni nyingine. Hapo tafuta ushauri mapema.

Anayekudai mwombe karatasi, na uziombe kwa maandishi. Barua isiwe ndefu. Hii inatosha:

"Nimepokea madai yako ya tarehe fulani. Deni hili silitambui. Naomba nakala ya mkataba wenye saini, mchanganuo wa deni na riba tangu siku ya kwanza, na barua ya mdai inayokupa mamlaka ya kukusanya. Barua hii si kukiri deni."

Andika nakala tatu. Moja mpe yeye, nyingine abaki nayo mtendaji wa kijiji, na ya tatu akugongee mhuri ubaki nayo wewe. Anayedai kwa haki hatakasirika kuombwa karatasi. Mimi nikiulizwa, hufungua daftari langu mbele ya mteja na kumwonyesha tarehe, mali na saini yake.

Karatasi zikija, zisome na mtu unayemwamini. Mama mmoja wa Mahuta aliletewa madai ya salfa, dawa ya mikorosho, ambayo marehemu mumewe alidaiwa kuichukua mwaka 2016, shilingi milioni moja na laki nne. Karatasi ilikuwa na dole gumba. Mumewe alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu aliyeandika mwenyewe kila kitu, na nyumbani bado kulikuwa na madaftari yake yenye saini. Tulimuuliza mdai mambo mawili tu: dole hili ni la nani, na shahidi aliyekuwepo ni nani? Hakuwa na jibu, na hajarudi tena. Kwa hiyo angalia saini, angalia tarehe, angalia jina la mdhamini. Kuna watu wameandikwa wadhamini bila kujua. Linganisha na kadi yako ya marejesho, taarifa ya benki na meseji za malipo kwenye simu.

Deni la marehemu linataka utulivu zaidi, maana hapo wanakuja na dini mkononi. Kwetu Wamakonde mjomba na mpwa ni kitu kimoja, na wadai wanalijua hilo: mjomba akizikwa, anafuatwa mpwa na kuambiwa kwamba mzee hatapumzika mpaka alipiwe. Ni kweli deni la maiti ni zito, na ni kweli hulipwa kabla ya kugawa urithi. Lakini linalipwa kutoka mali aliyoacha, kupitia msimamizi wa mirathi, na mdai analithibitisha kwake. Wewe hurithi deni mfukoni mwako kwa sababu tu ni damu yake. Na anayekuletea dini mkumbushe Surat al-Baqara, aya ya 282, inayoamuru deni liandikwe na kuwekewa mashahidi. Muulize pia alikuwa wapi siku ya mazishi, familia ilipotangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze.

Wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kwa magendo nje ya ushirika, ni kundi lingine: walikupa hela kidogo Julai, sasa wanataka magunia. Biashara hiyo imepigwa marufuku, kwa hiyo wengi wao hawaendi mahakamani, wanategemea vitisho. Ushauri wangu, kama hela uliipokea kweli, rudisha hela uliyopokea, mbele ya mashahidi, na maandishi yawepo. Korosho zako zipeleke kwenye AMCOS, chama chenu cha ushirika.

Ukitishiwa polisi, usikimbie. Deni la kawaida ni madai, si jinai, labda kuwe na utapeli ndani yake. Ukiitwa kituoni nenda na ndugu, sema kwa heshima kwamba hili ni suala la madai na unalipinga, wala usisaini makubaliano ya kulipa ukiwa pale. Samansi ya mahakama ni jambo tofauti kabisa. Hiyo usiipuuze hata kama deni ni la uongo, maana usipofika, hukumu inaweza kutolewa ya upande mmoja.

Akija mtu kubeba vitu, mwite mwenyekiti wa kitongoji kwanza, kisha uliza amri ya mahakama. Dalali wa mahakama anayo, na ataionyesha. Hata akiwa nayo, Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, kifungu cha 48, inakinga vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, nguo za lazima na zana za mkulima. Jembe na godoro havibebwi.

Vijana wanasumbuliwa zaidi na mikopo ya kwenye simu, ile ya kausha damu, ambapo mkusanyaji anawapigia watu wote walio kwenye orodha ya majina yako. Mkopeshaji anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kusambaza namba na picha zako ni jambo la kupeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Piga picha za meseji kabla hujazifuta. Kama hukukopa kabisa, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na namba ya tapeli itume 15040.

Kwa karatasi usizozielewa, tafuta msaidizi wa kisheria wilayani kwako. Sheria ya mwaka 2017 inawatambua, na huduma yao ni bure.

Na ukiona deni ni la kweli na umeamua kulilipa, lipa kwa mdai mwenyewe au kwenye akaunti yake, kamwe si kwenye namba binafsi ya aliyetumwa. Dai stakabadhi yenye kiasi, tarehe na maneno "deni limekwisha", uchukue na mkataba wako wa zamani palepale kabla hamjaachana.