Namna Kijana wa Ituri Anavyoweza Kuutetea Msitu Pamoja na Bambuti

Kabla ya kuandika barua yoyote, fika kwenye kambi ya Bambuti, wawindaji wa msitu wa Ituri mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ukasikilize, kwa maana vijana wengi huingia msituni wakiwa na majibu tayari, hali wenye kuishi humo hawajaulizwa neno. Anza kwa kuuliza wanavyojiita: mmoja atakuambia ni Mbuti, mwingine Efe, mwingine Asua, na jina la «mbilikimo» wengi wao hulisikia kama tusi.

Kisha wasomee sheria mbili za Kongo. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inairuhusu jamii inayomiliki msitu kwa desturi kuomba hati ya msitu usiozidi hekta 50,000, bila malipo na bila ukomo wa muda. Sheria ya Julai 2022 inalinda haki za Wapigme, ambao Bambuti ni miongoni mwao, ikiwemo haki ya kutoa au kukataa ridhaa kabla mradi haujaanza. Zote zimeandikwa kwa Kifaransa, hivyo zieleze kwa Kiswahili cha hapo hapo, taratibu, na ukubali kukatizwa kwa maswali.

Kazi kubwa ni ramani, wala haianzi na kompyuta. Fagieni uwanja, wape wazee fimbo na majani, wachore mito kwanza, halafu miti ya asali, kambi za zamani, makaburi na mahali wanapotandaza nyavu za kuwindia. Waite wanawake mapema, kwa kuwa wao ndio wanaowafukuza wanyama kuelekea nyavuni na ndio wanaojua viazi mwitu, uyoga na majani ya mangungu ya kuezekea vinapatikana wapi. Nimeona kuwa ramani iliyochorwa na wanaume peke yao hutoka na matundu makubwa. Baada ya hapo tembeeni pamoja mkirekodi kila mahali kwa simu, na pale watakaposema pasionyeshwe, pafute bila kubishana.

Mipaka ikubaliwe na vijiji jirani na machifu wao, lakini hapo uwe macho: hati inaweza kutolewa kwa jina la jamii nzima huku Bambuti wakikosa hata kiti kimoja katika kamati. Sisitiza majina yao, ya wanawake kwa wanaume, yaandikwe kabla ya sahihi yoyote. Hakikisha pia kwamba eneo halimo ndani ya Hifadhi ya Okapi, iliyoanzishwa mwaka 1992, kwa kuwa humo hati hii haiombwi.

Ombi hupelekwa kwa gavana wa jimbo. Baki na nakala yenye muhuri wa mapokezi, na usisambaze picha zinazoonyesha kambi ilipo, kwani Ituri imekuwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021 na wenye silaha nao wana simu.

Jibu lije lisije, rudi ukawaeleze. Safari hiyo ipange nje ya msimu wa asali, la sivyo utakuta vibanda vitupu, wenyewe wameshaingia ndani zaidi.