Somo: Kulinda Kirikuu (Suzuki Carry) na pikapu ya kazi isiibwe

Wakuu, salamu. Wengi wanaoniletea pikapu niwafungie ulinzi wanamuwazia mwizi wa saa nane usiku. Huyo yupo, ila pikapu ya kazi ina maisha yake. Inasimama mara nyingi kwa siku, mzigo unashushwa, injini inaunguruma kwa sababu dereva ana wasiwasi na stata, na funguo zinaning'inia hapohapo. Pale kwenye masoko ya Dar es Salaam kama Mabibo au Stereo saa kumi na mbili asubuhi, nani atamshangaa mtu anayepanda Kirikuu na kuondoka? Kwa hiyo somo hili nimelipanga kwa kufuata siku ya dereva. Ulinzi ambao dereva hautumii kila anaposhuka ni hela iliyopotea.

Nitaongelea zaidi Kirikuu, Suzuki Carry, kwa sababu wenye nayo wengi wameweka humo mtaji wao wote. Nyingi zimekuja kutoka Japani zikiwa zimeshatumika, hazina immobilaiza, kizuizi cha injini kinachosoma chipu ya ufunguo, na vipuri vyake vinanunulika haraka. Wenye Hilux na nyinginezo, yenu yapo kwenye maswali chini.

Hatua ya 1: Funguo

Washa gari, kisha vuta ufunguo taratibu bila kuzima. Ukichomoka huku injini inaendelea, silinda ya ufunguo imelika na inaweza kugeuzwa na ufunguo wa gari lingine au bisibisi. Ibadilishe kabla ya kununua kitu kingine chochote. Ukinunua gari mkononi mwa mtu, badilisha pia, maana hujui kopi ngapi zilishachongwa.

Ufunguo usifungwe kibandiko chenye namba ya gari. Sehemu ya kuoshea magari, dereva asiache funguo akaenda kunywa chai. Kuchonga kopi ni kazi ya dakika chache.

Hatua ya 2: Swichi ya siri

Hapa ndipo nataka mtulie, kwa sababu ndicho kinga ninachokiamini kuliko vyote na kinafungwa vibaya sana.

Fundi wengi wanakata waya wa pampu ya mafuta na kuupitisha moja kwa moja kwenye swichi ndogo. Umeme wote wa pampu unapita humo, swichi inapata moto, baada ya miezi gari linazima barabarani na mwenye gari anaamuru swichi iondolewe. Njia sahihi ni kutumia rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme mdogo. Waya wa pampu unakatwa na kuunganishwa kwenye miguu ya 30 na 87. Mguu wa 85 unakwenda bodi (hasi), wa 86 unapata umeme wa ignisheni kupitia swichi ya siri. Swichi inabeba umeme mdogo tu wa koili, kwa hiyo waya mwembamba unatosha na unafichika vizuri. Weka fyuzi karibu na unapochukulia umeme.

Angalieni mguu niliotaja: 87, wala si 87a. Ukitumia 87, mwizi akizikata nyaya za swichi, pampu inabaki imekufa. Ukitumia 87a anaweza kuzing'oa zote na gari likawaka kama kawaida.

Maungio yalehemiwe na kufunikwa, yasisokotwe na kuzungushiwa tepu. Tumia waya wenye rangi ileile ya nyaya za gari, na rilei isikae kwenye boksi la fyuzi ambako kila mtu anaanzia kutafuta.

Swichi iwekwe wapi? Siwezi kuandika hapa sehemu ninazotumia. Kanuni ni hii: dereva aifikie akiwa amekaa, kwa mkono ambao haumshangazi mtu aliye kiti cha pili. Ikimlazimu kuinama chini ya kiti, ndani ya wiki mbili ataacha kuizima.

Kirikuu yenye sindano za mafuta inaweza kushika sekunde moja au mbili kwa presha iliyobaki kwenye mpira, kisha inazima. Hilo ni zuri, mwizi anadhani gari ni bovu. Kirikuu za zamani zenye kabureta msikate mafuta, kwa sababu bakuli la kabureta linabaki na petroli ya kulifikisha gari mtaa wa pili. Hizo kateni umeme wa koili ya kuchoma.

Hatua ya 3: Kufuli linaloonekana

Kufuli la usukani, la gia au la pedeli, chagua moja. Mimi napendelea la gia lililofungwa kwa bolti kwenye bodi, kwa kuwa usukani unakatika kwa msumeno na kufuli likatoka. Hili ni la usiku na kwa maegesho marefu. Sokoni dereva hatalifunga, tusidanganyane.

Hatua ya 4: Kifaa cha kufuatilia gari

GPS hizi ndogo zenye laini ya simu zinasaidia sana zikifungwa na mtu makini. Mambo manne.

Badilisha neno la siri. Vifaa vingi vinatoka kiwandani na 123456. Mtu akiijua namba ya laini, naye anaweza kulizima gari lako kwa ujumbe mfupi.

Laini isajiliwe kwa alama zako za vidole, si za fundi, na iwe na salio. Nimekuta magari mengi yenye kifaa kizima na laini iliyofungwa na mtandao kwa kukaa bila kutumika.

Kifaa kinahitaji kuona anga. Chini ya plastiki ya dashibodi kinafanya kazi, chini ya bati kinapoteza setilaiti.

Amri ya kuzima injini usiitumie gari likiwa kasi. Vifaa vizuri vinasubiri mwendo ushuke chini ya kilomita 20 kwa saa ndipo vinakata. Uliza hilo kabla ya kununua. Gari linalozimika ghafla kwenye Barabara ya Morogoro linaweza kumuua mtu asiyehusika kabisa.

Wezi wanaojua kazi wana vizuia mawimbi, na wanajua kuchomoa betri. Ukiweza, weka cha pili kidogo chenye betri yake, mbali na cha kwanza.

Hatua ya 5: Vitu vya nje

Betri ya Kirikuu ipo nje, ubavuni chini ya bodi, na inaibwa kirahisi. Chomelea kisanduku cha vyuma na kufuli. Spea tairi pitishia mnyororo. Vioo vya pembeni na madirisha chora namba ya gari, mnunuzi wa kioo kilichochorwa ni mgumu kupatikana.

Hatua ya 6: Karatasi na alama

Kadi halisi isikae kwenye gari, beba nakala. Piga picha ya namba ya chasisi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ndefu ya tarakimu 17. Yana alama ya modeli na namba, mfano zinazoanza na DA63T, na imegongwa kwenye chuma. Piga pia namba ya injini, na mikwaruzo yote unayoijua.

Kama kadi bado ina jina la aliyekuuzia, kamilisha uhamisho TRA (mamlaka ya mapato). Siku ya wizi utatakiwa kuthibitisha kuwa gari ni lako, na yule mtu huenda alishabadilisha namba ya simu.

Bima ndogo ya mtu wa tatu hailipi gari lako likiibwa. Kuna bima kubwa, na kuna ya kati inayoongeza moto na wizi. Someni kipengele cha gari kuchukuliwa na mtu uliyemkabidhi mwenyewe, kwa sababu zipo zisizolipa hapo.

Hatua ya 7: Anayekodi

Pikapu nyingi zinaondoka kwa mkataba wa mdomo. Mteja habishani na bei, safari ni ya nje ya mji, inaanza jioni, mzigo "uko hukohuko". Njiani anamnunulia dereva soda iliyokwisha kufunguliwa. Dereva anazinduka kichakani, au hazinduki. Hii sehemu inaniuma kuliko zote, kwa sababu gari linatafutika na kijana wa watu hapatikani tena.

Basi iwe sheria: malipo ya awali yapite kwenye simu, kwani jina lililosajiliwa litaonekana. Picha ya kitambulisho cha mteja iende kwa tajiri, yaani mwenye gari, kabla ya kuondoka. Dereva asipokee kinywaji wala chakula safarini. Na tajiri asimkaripie dereva aliyekataa safari kwa mashaka. Ukimdai hesabu ya siku hiyo, yaani fedha anayokuletea kila siku, umemfundisha asikatae tena.

Hatua ya 8: Likishaibwa

Piga 112 au nenda kituo cha karibu, toa namba ya chasisi na mahali kifaa kinapoonyesha, chukua RB (namba ya taarifa yako polisi), kisha mjulishe bima siku hiyohiyo. Usilifuate mwenyewe na wenzako. Mnaweza kukutana na watu wenye silaha, au mkaua mtu aliyelinunua bila kujua.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi shikamoo. Nina Hilux ya zamani ya dizeli, injini 5L. Nikikata waya wa stata inatosha?

Marahaba kijana. Haitoshi, gari la gia za kawaida litasukumwa na kuwaka. Kata umeme wa solenoidi, vali ya umeme inayofungua mafuta, iliyo kwenye pampu ya dizeli. Ila mjuzi anaweza kuupelekea waya kutoka kwenye betri, hivyo funga boneti kwa kufuli na uifunike solenoidi kwa bamba la chuma. Injini mpya za sindano za kompyuta usiguse nyaya za sindano. Tafuta fundi anayejua mfumo wake.

Kaka, yangu inawaka kwa kubonyeza kitufe. Nimeambiwa wanaiba bila ufunguo.

Ni kweli. Wanakuza mawimbi ya ufunguo uliopo sebuleni hadi gari lidhani uko mlangoni. Uweke ndani ya mfuko maalumu wa kuzuia mawimbi na ujaribu kama kweli gari halifunguki. Wengine wanasajili ufunguo mpya kupitia soketi ya kupimia gari, iliyo chini ya dashibodi. Ifungie kufuli lake au ihamishwe. Swichi ya siri bado inawasumbua wote hao.

Mimi ni mama, nina Kirikuu mbili kwa madereva wa hesabu. Nikimwonyesha dereva swichi, siri si imekwisha?

Dada, dereva lazima aijue, la sivyo haitatumika mchana. Weka ya pili unayoijua wewe peke yako, ya usiku gari likirudi nyumbani. Dereva akiacha kazi, ya kwanza ihamishwe siku hiyo na silinda ibadilishwe. Deiwaka, dereva wa kushikizwa siku moja, usimpe gari bila dereva wako kuwemo.

Kirikuu yangu ni ya mkopo na wamefunga kifaa chao. Naweza kufunga changu?

Soma mkataba kwanza, maana mingi inakataza kugusa kifaa chao. Kidogo chenye betri yake hakigusi nyaya zao, ila waombe ruhusa kwa maandishi. Waulize pia nani anapokea taarifa gari likitoka usiku. Wengi wao wanafuatilia marejesho, hakuna aliyekesha kukulindia.

Kifaa hakimalizi betri?

Gari linalotembea kila siku hutaona tofauti. Likikaa wiki kadhaa, betri iliyochoka itaisha, kwa hiyo washa injini kila baada ya siku chache. Ukizoea kuchomoa betri ili isiishe, cha waya kinazimika au kinabaki na akiba ya saa chache tu, na hapo utegemee kile cha pili.